Mashine ya Kupasua Kuni na Mkono wa Msaidizi

Mashine ya kupasua kuni haina haraka, na hiyo ndiyo sifa inayowafanya wengi waiamini kupita kiasi. Msumeno hunguruma na kutisha. Hata mtoto mdogo huona kwamba meno yake si ya kuchezewa. Mashine ya kupasua, kwa upande wake, husukuma gogo taratibu kuelekea kwenye kabari ya chuma. Gogo hulia, hufunguka, kisha bamba la kusukumia hurudi lilikotoka kwa utulivu uleule. Anayeitazama kwa mara ya kwanza hudhani kwamba mkono wowote utawahi kuondoka. Mikono mingi haiwahi.

Mashine hizi zilizoeleka kwanza katika nchi za baridi kama Finland, Sweden, Austria na Canada, ambako nyumba nyingi hupashwa joto kwa kuni. Afrika Mashariki zimeingia kwa mlango mwingine: kiwanda na jiko kubwa. Viwanda vingi vya chai, kuanzia Kericho, Nandi na miteremko ya Mlima Kenya hadi Mufindi na Rungwe upande wa Tanzania, hukaushia majani kwa joto la boila zinazokula kuni, hasa za mikaratusi. Shule za bweni nazo hupika ugali na maharage ya mamia ya wanafunzi kwa kuni. Gogo nene la mkaratusi haliingii katika mlango wa boila wala chini ya sufuria, na shoka huchukua siku nzima kufanya kazi ambayo mashine huimaliza kabla ya chai ya saa nne.

Kupasua si suala la ukubwa tu. Mti uliokatwa leo huwa na maji yanayokaribia nusu ya uzito wake, na ganda la nje huyafungia ndani. Gogo likipasuliwa, hewa hupata uso mpana wa kunyonya maji hayo. Kilo moja ya kuni mbichi hutoa takriban megajuli 8 za joto, kwa kuwa karibu nusu ya uzito huo ni maji yasiyoungua, na sehemu ya moto hutumika kuyachemsha. Kilo moja ya kuni zilizokauka hadi kubakiwa na maji asilimia 20 hutoa takriban 14. Mpishi wa shule anayepata kuni kavu zilizopasuliwa huvuta moshi mchache kuliko mwenzake anayepulizia magogo mabichi, na mapafu yake hujua tofauti hiyo. Kwa hiyo mashine ina heri yake, na makala haya hayakusudii kumrudisha mtu kwenye shoka. Yanahusu mkono unaoishikia mashine gogo.

Tani 16 kwa mwendo wa konokono

Ndani ya mashine ya kawaida mna injini au mota, pampu ya mafuta, silinda na pistoni. Pistoni yenye kipenyo cha sentimita 10 ina uso wa takriban sentimita za mraba 78. Mafuta yakisukumwa kwa mgandamizo wa bari 200, kiwango cha kawaida katika mitambo ya aina hii, kila sentimita ya mraba hubeba karibu kilo 200, na jumla hufika tani 16. Huo ni uzito wa lori lililopakia mzigo, uliokusanywa kwenye ncha ya kabari moja. Mkaratusi wenye fundo hupambana na nguvu hiyo, na injini husikika ikilemewa. Mfupa wa kidole haupambani. Mkono unapobanwa, injini haibadilishi hata sauti, na aliyeshika wenzo hana dalili yoyote ya kumwambia kwamba kinachopasuka si mti.

Mwendo nao hudanganya. Bamba linalosogea sentimita 10 kwa sekunde huonekana la polepole kwa sababu jicho hulilinganisha na msumeno. Lakini kidole kilicho sentimita 3 kutoka mahali pa kubanwa kina theluthi moja tu ya sekunde. Mtu aliye makini, anayengojea ishara, huhitaji karibu robo ya sekunde ili aanze tu kuitikia. Aliyechoka, aliyegeuka kuitika salamu, au anayefikiria gogo linalofuata, huhitaji zaidi ya hapo, na bamba halimngoji.

Hapa ndipo msaidizi anapoingia, na ndiye anayestahili kuangaliwa kuliko wote. Katika maeneo mengi ya kazi, mashine huendeshwa na watu wawili: mmoja anashika wenzo, mwingine anaweka gogo na kulinyoosha. Inaonekana ni mgawanyo wa busara. Kazi huenda haraka na mgongo hupumzika. Kwa kweli ndio mpangilio wa hatari kuliko wote. Aliyeshika wenzo anaamua wakati wa kusukuma, lakini vidole vilivyo hatarini si vyake. Husoma tendo la mwenzake: akiona mikono imetulia juu ya gogo, hudhani gogo limekaa sawa. Mwenzake akigundua kwamba limepinda na kurudisha mkono kulirekebisha, wenzo umeshavutwa. Hata akipiga kelele, sauti hiyo inapaswa kushinda ngurumo ya injini, kufika sikioni, kueleweka, na kugeuzwa kuwa mkono unaoachia chuma. Sekunde moja hupita, na katika sekunde hiyo bamba limesogea sentimita 10, upana wa kiganja.

Watengenezaji wanalijua jambo hili. Kiwango cha Ulaya cha mashine za kabari, EN 609-1, kimejengwa juu ya wazo kwamba mashine isogee pale tu mwendeshaji anapokuwa ameshika vidhibiti viwili kwa mikono yote miwili. Akiachia kimoja, bamba linasimama. Mtu ambaye mikono yake miwili iko kwenye wenzo hawezi kuikata. Ila kinga hiyo inamlinda mtu mmoja tu, yule anayeendesha. Akisimama mtu wa pili kando ya gogo, kinga yote hubatilika bila chochote kuharibika. Na mara nyingi huharibiwa pia: wenzo mmoja hufungwa kwa waya au mpira wa tairi ili mkono wa pili ubaki huru kushika gogo. Mashine zinazoundwa na mafundi kwa pampu na silinda za tipa lililokufa aghalabu huwa na wenzo mmoja, na mwingine kati ya hizo hukaa palepale ulipoachwa badala ya kurudi wenyewe.

Mkono hunaswa kwa njia chache, na kila moja huacha alama yake. Wa kwanza hubanwa kati ya gogo na bamba, kwa kuwa upande mmoja wa gogo ulikatwa mshazari na gogo likazunguka liliposukumwa. Wa pili hufuata gogo hadi kwenye kabari. Wa tatu haufikiriwi na wengi: gogo limepasuka nusu, nyuzi zake hazijaachana, mtu anaingiza vidole katika ufa ili alitenganishe, kabari inarudi nyuma, na ufa unajifunga kama mdomo wa mamba.

Kuna aina nyingine ya mashine, yenye parafujo nene yenye umbo la koni inayozunguka na kujichimbia ndani ya gogo. Hii hukamata nguo. Mkono wa shati, ncha ya kanga, uzi uliochomoza kwenye glovu ya pamba, vyote hujiviringisha na kuvuta kiungo kinachofuata. Wapasuaji wa mkono wa Uppsala, Sweden, wamewahi kuchapisha uchunguzi wa majeruhi wa aina zote mbili za mashine, wanaofika kwao kwa wingi. Kabari huponda na kukata. Parafujo hunyofoa, na kidole kilichonyofolewa hutoka na kano zake na neva zake kutoka mbali ndani ya mkono. Glovu, ambayo katika kazi nyingi ni rafiki, hapa si ngao: haizuii tani 16, na mbele ya parafujo huwa mtego.

Kabla ya kabari, msumeno

Gogo halifiki kwenye kabari kabla ya kukatwa vipande, na kazi hiyo hufanywa na msumeno wa mnyororo, uitwao chensoo au pawasoo kutegemea uko upande gani wa mpaka. Huenda wasomaji wa taaluma ya afya wakashangaa kujua kwamba wazo la mnyororo wenye meno lilizaliwa katika upasuaji. Mwishoni mwa karne ya 18, madaktari wa Scotland John Aitken na James Jeffray walibuni mnyororo mwembamba wa kuvutwa kwa mkono kwa ajili ya kukata mifupa, ikiwemo kiungo cha nyonga cha mbele katika uzazi uliokwama. Karibu mwaka 1830, Bernhard Heine wa Ujerumani akaunda chombo cha mnyororo kinachozungushwa kwa mpini. Msitu uliurithi kutoka hospitalini, na tangu hapo umekuwa ukirudisha majeruhi.

Majeraha ya msumeno huu yanajulikana: paja na goti la kushoto, uso na shingo pale ncha ya upau inapogonga kitu na kuruka juu. Yasiyojulikana sana ni madhara yake ya polepole. Mtetemo wa miaka huharibu mishipa midogo ya damu na neva za vidole. Asubuhi ya baridi, kama zile za Mufindi mwezi Julai, ncha za vidole hufa ganzi na kupoteza rangi kwa dakika kadhaa, kisha damu hurudi kwa maumivu. Kwa mtu mwenye ngozi nyeusi weupe huo hauonekani mgongoni mwa kidole. Utazamwe upande wa kiganja na chini ya kucha. Ugonjwa huu unazuilika. Katika wilaya ya Suomussalmi, Finland, wachunguzi waliwafuata wakata miti kwa miaka mingi: mwaka 1972 asilimia 40 walikuwa na dalili hizo, na mwaka 1990, baada ya misumeno kuundwa upya ili mtetemo usifike mkononi, walibaki asilimia 5. Hakuna dawa iliyotumika.

Kuhusu masikio, hesabu ni fupi. Desibeli 85 huvumilika kwa saa 8, na kila zinapoongezeka 3 muda hupungua nusu. Msumeno wenye desibeli 100 huacha dakika 15 kwa siku kwa asiyevaa kinga.

Saa ya kwanza

Mkono uliobanwa ukishatolewa, wanaouzunguka hufanya mambo mawili karibu kila mara: humwagia kitu juu ya jeraha, na husahau kidole kwenye maganda ya miti. Yote mawili hugharimu. Mafuta ya taa, majivu, kahawa na dawa ya meno havizuii damu, na humwongezea mpasuaji kazi ya kuvisafisha. Kinachozuia damu ni kitambaa safi kilichokandamizwa kwa nguvu moja kwa moja juu ya jeraha, mkono ukiwa umeinuliwa juu ya moyo, kwa dakika 10 bila kuchungulia. Kamba nyembamba au waya wa kufungia kifundo huua nyama na haufai. Damu ikiruka na kushindikana kabisa, mkanda mpana juu ya mkono unaweza kuokoa maisha; saa uliyofungwa iandikwe, na majeruhi apelekwe mara moja. Pete zivuliwe zote, hata za vidole vizima, kabla uvimbe haujaja.

Kidole kilichokatika kitafutwe. Kisuguliwe na wala kisilowekwe katika dawa? Hapana kwa yote mawili: kisuuzwe tu kwa maji safi, au kwa maji ya dripu ya chumvi kama yapo, kifungwe katika shashi iliyoloweshwa kidogo kwa maji hayohayo, kiwekwe ndani ya mfuko usiovuja, na mfuko huo uwekwe katika chombo chenye maji na barafu. Pasipo mfuko, glovu safi ya hospitali iliyofungwa fundo inatosha. Kidole kisigusane na barafu yenyewe, kwa kuwa kikiganda hakifai tena. Kikitunzwa hivyo kinaweza kustahimili takriban saa 24. Kikiachwa katika joto la kawaida, takriban 12. Kiungo chenye misuli, kama kiganja kizima au kigasha, huharibika katika nusu ya muda huo.

Mwaka 1965 madaktari wawili wa Nara, Japani, Shigeo Komatsu na Susumu Tamai, waliunganisha upya kidole gumba kilichokatika kabisa, wakishona mishipa ya damu chini ya hadubini. Tangu wakati huo watu wengi huamini kwamba kidole kilichokatika hurudishwa kama kitasa. Ukweli una masharti. Kilichokatwa kwa msumeno mkali kina nafasi; kilichopondwa na kabari kina nafasi ndogo, kwa kuwa mishipa yake imesagwa kwa urefu mrefu; kilichonyofolewa na parafujo kina nafasi ndogo zaidi. Na kutoka Mafinga hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 550 za barabara. Mpasuaji huhangaika zaidi kwa ajili ya kidole gumba, kwa vidole vingi vilivyokatika pamoja, na kwa mtoto. Kwa kidole kimoja cha mtu mzima, hasa kilichopondwa, kigutu kilichofungwa vizuri mara nyingi humrudisha kazini mapema kuliko kidole kilichounganishwa kikabaki kigumu, chenye ganzi na chenye kuuma kila kukicha kwa baridi. Uamuzi huo ni wa daktari na mgonjwa, na mgonjwa anastahili kuelezwa kabla ya kutia saini. Hata hivyo, kidole kiletwe daima. Hata kisipounganishwa, ngozi yake huweza kufunika jeraha.

Kwa mhudumu wa zahanati, mikono miwili haipaswi kumdanganya. Wa kwanza ni mkono ulioponda ndani bila ngozi kupasuka. Eksirei inaweza kuonyesha mifupa mizima, huku misuli midogo ya kiganja ikivimba ndani ya mifuko yake isiyotanuka. Maumivu yakizidi kiasi cha jeraha, na yakipanda zaidi vidole vinaponyooshwa taratibu na mchunguzaji, mkono huo unahitaji kufunguliwa na mpasuaji ndani ya saa chache, si dawa ya maumivu na miadi ya kesho.

Wa pili ni wa kutisha kwa udogo wake. Mpira wa mafuta wa mashine hutoboka, tundu lake halionekani, na mtu hupitisha kidole juu yake atafute linapovuja. Mafuta yanayotoka kwa bari 200 hupenya ngozi kama sindano. Mgonjwa hufika akitembea, akiwa na kitundu cha ukubwa wa ncha ya kalamu na maumivu kidogo, naye hupewa plasta na kurudishwa nyumbani. Usiku kidole huvimba, hufa ganzi, hubadilika rangi, kwa sababu mafuta yamesambaa kando ya kano hadi kiganjani na yanaua nyama. Kila jeraha la namna hii ni dharura ya chumba cha upasuaji, vyema ndani ya saa 6. Ganzi isichomwe kwenye kidole chenyewe, kwa kuwa huongeza mgandamizo ndani yake, mkono uinuliwe, chanjo ya pepopunda na antibiotiki zianzishwe, mgonjwa asafiri usiku huohuo. Anayetafuta mvujo atumie kipande cha boksi badala ya kidole, injini ikiwa imezimwa na mgandamizo umeachiliwa kadiri inavyowezekana.

Kilichoandikwa kwenye faili

Mashine inayoendeshwa na mtu mmoja, kwa vidhibiti viwili vinavyorudi vyenyewe, juu ya meza yenye kingo za kushikilia gogo, haigharimu zaidi ya ile ya hatari kwa kiasi cha kumtisha mwenye kiwanda. Springi ni bei ya soda chache. Kinachogharimu ni kukubali kwamba msaidizi asimame mita kadhaa pembeni akipanga kuni zilizokwisha pasuliwa, jambo ambalo kwa msimamizi mwenye haraka huonekana kama mshahara wa bure.

Msaidizi huyo kwa kawaida ni kibarua wa siku. Tanzania ina Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ulioundwa kwa sheria ya mwaka 2008. Kenya ina sheria zake mbili za mwaka 2007, ya usalama kazini na ya mafao ya majeraha ya kazini. Njia ya fidia ipo, lakini huanzia kwenye karatasi, na karatasi ya kwanza hujazwa na mhudumu aliyempokea majeruhi. Maneno “jeraha la mkono, ajali” hayamsaidii mtu mbele ya mfuko wowote. Yanayomsaidia ni haya: saa na mahali alipoumia, jina la mwajiri kama alivyolitaja, mkono gani na kama ndio anaotumia zaidi, aina ya mashine, nani alikuwa ameshika wenzo, na yeye alikuwa ameshika nini.